Vitamini za Ziada kwa Watu wa Mazoezi: Jumlisha Kwanza

Watu wa mazoezi huuliza kama vitamini zinaweza kuzidi mwilini, huku wameshajipa jibu: "Si kinachozidi kinatoka na mkojo?" Kiasi fulani hutoka, ni kweli. Vingine hubaki vikijilimbikiza kwenye ini na mafuta ya mwili, na vingine hutoka baada ya kuwa vimeshaleta madhara. Kwa hiyo ndiyo, unaweza kuzidisha vitamini, na anayefanya mazoezi yuko karibu zaidi na hatari hiyo kuliko jirani yake anayeshinda kwenye kochi.

Sababu ni idadi ya makopo. Huyo wa kwenye kochi akinunua multivitamini, basi. Sisi tuna unga wa kunywa kabla ya mazoezi, kinywaji cha katikati, protini ya baadaye, kidonge cha maungio ya mifupa, magnesi ya usiku ya kuzuia misuli kukaza, na multivitamini ya asubuhi juu ya hayo yote. Kila mtengenezaji ametia vitamini zake kana kwamba bidhaa yake ndiyo pekee unayotumia, na hakuna lebo inayokupigia hesabu ya jumla.

Mwenzangu mmoja wa mbio alianza kusikia ganzi kwenye vidole vya miguu. Kwanza akalaumu viatu, akalegeza kamba, akanunua saizi kubwa zaidi. Ganzi ikapanda hadi nyayoni, ikaja na kuchomachoma usiku. Watu wakamshauri kile ambacho karibu kila mtu hushauri mtu akitaja ganzi: meza B complex, kidonge chenye mchanganyiko wa vitamini za kundi B. Akameza. Hali ikazidi. Daktari alimpima sukari na vitamini B12, majibu yakawa mazuri, ndipo akamuuliza anatumia vidonge gani. Jioni ile nikamwambia, "Dada, hebu leta makopo yote, hata yale usiyoyahesabu kuwa dawa."

Tuliyapanga mezani tukatafuta mstari mmoja tu kwenye kila lebo: vitamini B6. B complex ilikuwa na miligramu 50. Unga wa kabla ya mazoezi, 20. Magnesi ya usiku, 10, ingawa mbele ya kopo liliandikwa neno magnesi peke yake. Multivitamini, 6. Kinywaji cha kuongeza nguvu, 5. Jumla ni 91 kwa siku, wakati mtu mzima anahitaji takriban 1.3. Marekani imeweka kikomo cha miligramu 100 kwa siku, kwa hiyo kwa kipimo hicho alikuwa bado salama. Ulaya walikipitia upya cha kwao mwaka 2023 wakakishusha hadi 12. Mimi, baada ya kuiona ile miguu, nafuata cha Ulaya. B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na B6 ni miongoni mwa zile zinazoyeyuka kwenye maji, zile tunazoambiwa hazina neno. Aliacha vyote, na ganzi ikapungua taratibu sana.

Kilichonikera zaidi ni lebo ya ile B complex. Kwenye safu ya asilimia ya mahitaji ya siku iliandikwa karibu 3,000. Mtu aliyezoea kuongeza uzito kwenye chuma kila wiki akiona namba kama hiyo hufurahi, anahisi pesa yake imefanya kazi.

Vitamini zinazokaa kwenye mafuta ni A, D, E na K. Hapa mimi huangalia A na D kuliko nyingine. Vitamini A ya aina ya retinoli, ile ya kwenye ini, maziwa na vidonge vingi, ina kikomo cha mikrogramu 3,000 kwa siku kwa mtu mzima. Ikipita hapo kwa muda mrefu huumiza ini, na kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Beta-karotini ya kwenye mboga na matunda haina shida hiyo, kwa sababu mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kiasi unachohitaji tu. Lakini ikiwa ya vidonge tena vya kipimo kikubwa, mvutaji sigara asiiguse: utafiti mkubwa wa Finland uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta saratani ya mapafu ikiongezeka kwa wavutaji waliopewa vidonge hivyo.

Vitamini D huwachanganya watu kwa vipimo vyake. Lebo moja husema mikrogramu, nyingine IU (vipimo vya kimataifa), na mikrogramu 1 ya vitamini D ni IU 40. Kikomo cha kawaida ni IU 4,000 kwa siku, yaani mikrogramu 100. Kuna vidonge vya IU 50,000 ambavyo daktari humpa mwenye upungufu ameze mara moja kwa wiki. Nimeshakutana na watu wanaovimeza kila siku kwa sababu kidonge ni kidogo. Ikizidi sana, kalsiamu hupanda kwenye damu: kiu, kukojoa ovyo, kichefuchefu, choo kigumu, uchovu. Sasa mwambie mkimbiaji kwamba kiu na uchovu ni dalili za ugonjwa. Atakujibu kwamba jana alikimbia sana. Mazoezi hufunika dalili hizi, ndiyo maana mtu anaweza kukaa nazo miezi bila kushtuka.

Vitamini C wengi huichukulia kama pipi. Kikomo ni gramu 2 kwa siku, na utajua umezidisha kwa sababu tumbo litakuendesha, mara nyingi ukiwa mbali kabisa na choo. Utafiti wa Uswidi wa mwaka 2013 ulikuta wanaume wanaomeza vidonge vya vitamini C wakipata mawe ya figo takriban mara mbili ya wasiomeza. Mtu anayetoka jasho jingi bila kunywa maji ya kutosha tayari ana mkojo mzito, kwa hiyo asiichukulie habari hiyo kijuujuu.

Halafu kuna hili ambalo wauzaji hawalitaji. Misuli ikifanya kazi ngumu huzalisha chembe haribifu za oksijeni, na chembe hizo ndizo zinazoupa mwili ishara ya kujiimarisha. Ukizizima kwa dozi kubwa ya vitamini C na E, unazima na ishara. Watafiti wa Ujerumani mwaka 2009 walikuta mazoezi yakiboresha jinsi mwili unavyoitikia insulini, homoni inayodhibiti sukari, kwa vijana wasiopewa vitamini hizo, lakini si kwa waliopewa. Wa Norwei mwaka 2014 walikuta dalili za ongezeko la mitokondria, vijitanuri vya nishati ndani ya seli, kwenye misuli zikidhoofishwa na dozi hizo, ingawa uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulipanda sawa kwa makundi yote mawili. Kwa mtu anayeamka alfajiri kwenda kuteseka, hiyo inauma.

Sisemi utupe kila kitu. Asiyekula chochote cha mnyama anahitaji B12, mjamzito anahitaji asidi ya foliki, asiyeliona jua anaweza kuhitaji vitamini D. Wanawake wakimbiaji hupungukiwa madini ya chuma kirahisi, ila wapime feritini (kipimo cha damu cha akiba ya chuma) kwanza, kwani chuma kikizidi mwili hauna njia nzuri ya kukitoa.

Fanya hesabu kama tuliyofanya mezani: andika kila bidhaa, hata vipande vya protini na vinywaji vya kopo, kisha jumlisha A, D, B6, chuma na zinki. Zinki kikomo chake ni miligramu 40, na ikizidi huipunguzia damu shaba. Ukienda kupima damu, taja kama unameza biotini ya nywele, maana huvuruga baadhi ya vipimo, vikiwemo vya tezi ya shingoni na vile vya kugundua shambulio la moyo. Na ukiwa unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, usianze wala kuacha multivitamini yenye vitamini K kabla ya kuzungumza na daktari aliyekuandikia dawa hiyo.