Nimepewa RB, Kisha Kimya: Je, Kesi Yangu Imefunguliwa?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mama lishe hapa Morogoro. Mwaka jana nilikopa kikoba nikanunua pikipiki, nikampa kijana kwa mkataba wa maandishi: aniletee hesabu kila wiki, na ikitimia miezi 18 pikipiki iwe yake. Wiki sita alileta vizuri. Ya saba akazima simu, na chumba alichopanga kakihama usiku. Nilipofika kituo cha polisi nikaambiwa, "Mama, huu ni mkataba, hayo ni madai, nenda mahakamani." Nikalia pale pale. Afande mwingine akanionea huruma, akaniandikia RB kwenye kikaratasi, akasema nimtafute kijana mwenyewe, nikimwona niwapigie. Siku ya pili nikaombwa 30,000 ya mafuta ya gari, nikatoa. Sasa huu ni mwezi wa nne. Kila nikiuliza naambiwa mpelelezi yuko safari. Je, nina kesi au sina? Ile hela ilikuwa halali? Na nikienda kuwalalamikia, hawatanifanyia visa?

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Pikipiki ya mkopo wa kikoba ikipotea, marejesho hayapotei nayo. Najua hali hiyo.

Nilikaa kaunta ya polisi miaka tisa kabla ya kuvua magwanda na kwenda kusoma sheria, kwa hiyo meza ile naijua kwa pande zote mbili. Nianze na kikaratasi chako.

RB ni kitabu cha taarifa. Kila anayeingia kituoni na lalamiko huandikwa humo kwa mfuatano, na namba unayopewa hubeba kifupi cha jina la kituo, herufi RB, namba ya taarifa na mwaka. Namba hiyo inathibitisha kwamba siku fulani ulifika ukasema jambo fulani. Ni muhimu, itunze, ipige kopi kabla wino haujafutika. Lakini kazi yake inaishia hapo.

Kinachoendesha upelelezi ni jalada. Taarifa ikionekana ina jinai ndani yake, hufunguliwa jalada, huandikishwa kwenye rejista ya upelelezi na kupata namba yake yenyewe, ambayo kwa kawaida utaiona na herufi IR. Baada ya hapo anakabidhiwa mpelelezi. Humo ndimo yanamokaa maelezo yako, maelezo ya mashahidi, nakala ya kadi ya pikipiki, na baadaye hati ya ukamataji mali, pikipiki ikipatikana. Jalada ndilo linalokwenda kwa mwendesha mashtaka. Kikaratasi cha RB hakiendi popote.

Sasa jiulize: kuna siku askari alikaa na wewe, akakuhoji, akaandika maelezo yako kwenye karatasi ukatia sahihi? Barua yako haitaji jambo hilo hata mara moja. Kama halijafanyika, basi nina wasiwasi mkubwa kwamba jalada halipo, na huyo mpelelezi aliye safarini miezi minne hajawahi kupangiwa kazi yako. Ukienda tena, usiulize kesi imefikia wapi. Uliza hivi, kwa adabu na kwa sauti ya kusikika: "Afande, RB hii imefunguliwa jalada? IR ni namba ngapi? Mpelelezi wake ni nani?" Maswali hayo matatu hayajibiki kwa "njoo kesho." Ama namba ipo, ama haipo.

Nije kwenye lile la "hayo ni madai." Nitawatetea kidogo wenzangu wa zamani. Kila siku kaunta hupokea watu wanaotaka polisi wawakusanyie madeni: huyu kakopesha rafiki, yule kauza shamba hajamaliziwa. Sheria hairuhusu kumweka mtu mahabusu kwa sababu tu anadaiwa, na askari aliyewahi kukaripiwa kwa kosa hilo husikia neno "mkataba" akafunga kitabu. Tatizo ni kwamba mkataba wenyewe hauzuii jinai kutendeka ndani yake.

Kijana angekuwa bado yupo, anaendesha, ila amechelewesha hesabu wiki tatu, hayo ni madai matupu. Wako amezima simu, amehama usiku, na mali kaondoka nayo. Sheria yetu ya Kanuni ya Adhabu inamhesabu kuwa mwizi hata mtu aliyepewa kitu kwa hiari ya mwenyewe, ikiwa baadaye amekigeuza kuwa chake kwa hila, na lipo kosa kabisa la mtu aliyekabidhiwa mali kwa kuaminiwa akaiiba. Mitaani na hata mahakamani utasikia likiitwa wizi wa kuaminiwa. Mkataba wako unasema pikipiki iwe yake baada ya miezi 18, yeye kaondoka mwezi wa pili haujaisha. Umiliki ulikuwa bado wako. Hilo ndilo la kumweleza mkuu wa upelelezi, na umwoneshe kipengele chenyewe kwa kidole.

Usimwambie kwamba kijana "hajanilipa." Neno hilo ndilo lililokurudisha nyumbani mara ya kwanza. Sema kilichotokea: nilimkabidhi pikipiki yangu kwa masharti haya, tarehe hii ametoweka nayo, simu imezimwa, kahama bila taarifa, mwenye nyumba wake anaweza kuthibitisha. Usiongeze chumvi wala usiseme alikunyang'anya kwa nguvu ili wakusikilize haraka. Kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa, na siku ya kesi uongo mdogo huangusha ukweli mkubwa.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu maelezo ndiyo yanayoshinda au kushindwa kesi za namna hii, na watu wengi huyachukulia kama fomu ya kujaza tu. Nikiwa konstebo kijana, alikuja mzee mmoja fundi nguo, kaibiwa cherehani. Nikaandika: "cherehani moja, nyeusi." Basi, nikafunga kitabu. Wiki mbili baadaye tukakamata cherehani sita nyeusi kwenye chumba cha mtu, zote za aina moja. Mzee akaingia, akaigusa mojawapo chini ya meza yake na kusema, "Hii. Mjukuu wangu aliikwaruza hapa kwa msumari." Mkwaruzo ulikuwepo kweli. Lakini haukuwa umeandikwa popote kabla hajaiona, wala namba ya mashine sikuwa nimemuuliza. Mahakama ikasema mtu yeyote angeweza kuuona mkwaruzo akiwa amesimama pale. Mzee alikuwa anasema kweli, na mimi ndiye niliyemwacha bila ushahidi. Mpaka leo nikipita kwenye mlio wa cherehani namkumbuka.

Kwa hiyo, mama, alama za pikipiki yako zitaje kabla haijapatikana. Namba ya usajili inayoanza na MC taja, lakini usiitegemee, kwani kibao hubadilishwa kwa bisibisi ndani ya dakika tano. Namba ya chasisi na namba ya injini zimo kwenye kadi. Hakikisha zimeingia kwenye maelezo herufi kwa herufi. Halafu zile alama za kwako wewe: kiti kilichoshonwa upande wa kushoto, kioo kimoja tofauti na kingine, stika uliyoibandika kwenye tangi. Hata kama unaona ni upuuzi, taja. Askari akimaliza kuandika, sheria inataka usomewe au uoneshwe ulichosema, na una uhuru wa kusahihisha au kuongeza. Kisha tia sahihi chini ya mstari wa mwisho, palepale, pasibaki nafasi ya kuongezwa neno.

Ile 30,000. Haikuwa halali. Kutoa taarifa polisi ni bure, kufungua jalada ni bure, PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali kwa aliyeumizwa, ni bure, na hata dhamana kwa mtuhumiwa ni bure kama lile tangazo linavyosema ukutani. Hakuna sheria inayomtaka mlalamikaji ajaze mafuta gari la Serikali. Naelewa kwamba kuna vituo gari moja linahudumia kata nyingi na mafuta huisha kabla ya mwezi, na nimewahi kuwa askari aliyekwenda eneo la tukio kwa miguu. Uhaba huo ni kweli. Lakini dawa yake haiwezi kutoka kwenye sufuria ya mama lishe, kwa sababu siku mlalamikaji akilipia mafuta, mtuhumiwa naye atalipia zaidi ili gari lisiende.

Ukiombwa tena, jibu ni moja: "Afande, nitalipa nikipewa risiti ya Serikali." Risiti haitakuja. Malalamiko ya rushwa hupokelewa na TAKUKURU, namba 113, kupiga ni bure, na wana ofisi mikoani na wilayani. Jambo moja nikwambie bila kukuficha: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa anayetoa pamoja na anayepokea. Kwa hiyo ukienda kwao, eleza mapema na kwa ukweli wote kwamba uliombwa, lini, na nani, na kwamba ulitoa ukiamini ndio utaratibu.

Sasa njia ya kupanda. Chini kabisa yupo mkuu wa kituo, OCS. Mwombe umwone ana kwa ana. Wakuu wa vituo wengi hawajui kila kinachosemwa kaunta, na nimeona majalada yakifunguliwa ndani ya nusu saa kwa sababu tu mkuu alitoka ofisini akauliza. Akishindwa, nenda kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, OC-CID, maana kugawa majalada ni kazi ya ofisi yake. Juu yao yupo OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, kisha mkoani RCO, mkuu wa upelelezi wa mkoa, na RPC, kamanda wa mkoa. Usiruke ngazi bila sababu, kwa kuwa barua ya kwa RPC hurudishwa chini kwa OCD na kukupotezea wiki.

Na hapo ngazi ya wilaya, acha mdomo, shika kalamu. Barua ya ukurasa mmoja: jina lako, RB namba, tarehe ulizofika, nani ulimkuta, ulichoambiwa, unachoomba. Ombi liwe moja, yaani jalada lifunguliwe na uandikwe maelezo. Peleka nakala mbili. Moja ibaki kwao, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Mhuri huo ndio unaogeuza "sijawahi kumwona huyu mama" kuwa jambo lisilosemeka tena. Kuhusu nani ulimkuta, usiseme "askari mmoja mweupe mrefu." Jina liko kifuani, na askari wa vyeo vya chini ana namba yake ya jeshi inayoanza na herufi, na wa kike huanza na WP. Andika ukiwa umetoka nje, pamoja na saa.

Barua zikikaa kimya wiki kadhaa, kuna milango nje ya polisi. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ina mamlaka ya kuratibu upelelezi, na unaweza kuiandikia ofisi yao hapo mkoani ukiambatisha nakala zako zenye mihuri. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa chini ya ibara ya 129 ya Katiba, hupokea malalamiko dhidi ya watumishi wa umma bila malipo. Na kama kuandika kunakusumbua, tafuta msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na hawatakutoza. Sambamba na yote hayo, shauri la madai Mahakama ya Mwanzo halikatazwi. Kijana anaweza kushtakiwa kwa wizi na wewe ukamdai fidia.

Umeniuliza kuhusu visa. Sitakwambia woga wako hauna msingi. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikusanya maoni ya wananchi nchi nzima, na mapendekezo yake yalifika mpaka kutaka Jeshi la Polisi liundwe upya liwe chombo cha kutoa huduma. Mapendekezo ya namna hiyo hayatoki kwa watu walioridhika. Ila kwa niliyoyaona ndani, anayesumbuliwa zaidi ni yule anayekuja peke yake, anayeongea tu, asiye na karatasi. Nenda na mtu, mjumbe wa mtaa au hata dada yako. Usitukane, usirekodi kwa siri ukaenda kurusha mitandaoni. Mwite kila mtu afande, na kila siku ondoka ukiwa na jina na tarehe.

Ukisikia kijana kaonekana, iwe Dodoma au Ifakara, usiende na vijana wa kijiweni kumkamata. Akipigwa, wewe ndiwe utakayekuwa mtuhumiwa. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu na alipo ukiwa na RB na namba ya IR. Watawasiliana na kituo chenye jalada. Pikipiki ikipatikana itakuwa kielelezo, haitatoka siku hiyo. Andika ombi kupitia mpelelezi kwamba ipigwe picha urudishiwe kwa dhamana ya kuileta ikihitajika; kesi ikiwa imeshafika mahakamani, anayetoa amri hiyo ni hakimu.

Jumatatu asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu, nenda kwa OCS. Beba RB, mkataba, kadi ya pikipiki na risiti ya kununulia. Wape kopi. Kadi halisi irudi nayo kwenye mkoba wako.