Hukumu ipo, fidia iko wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mkongo ninayeishi Kigoma. Mama yangu mdogo, aliyebaki Kivu Kusini, ni mmoja wa wanawake walioshinda kesi ya ubakaji dhidi ya askari, mbele ya mahakama ya kijeshi iliyoletwa karibu na kijiji chao kwa fedha za wafadhili. Aliamuriwa alipwe fidia ya maelfu ya dola, lakini miaka imepita na hajapokea hata senti. Kila mara tunasikia kwamba mamilioni yametolewa kwa ajili ya amani na haki nchini Kongo. Fedha hizo zinaliwa na nani, na mama yangu afanye nini?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, mpe pole mama yako mdogo. Ubadhirifu katika fedha za misaada upo, wala siutetei, lakini nadhani jibu kubwa la swali lako haliko huko. Sehemu kubwa ya fedha za mahakama hizo ilifanya kazi iliyopangiwa, ila kazi yenyewe ilipangwa kuishia siku ya hukumu.

Chukua kesi ya Fizi, ambayo bila shaka unaifahamu. Tarehe 1 Januari 2011 askari wa jeshi la serikali waliuvamia mji huo, wakapora na kubaka wanawake wengi. Tarehe 21 Februari mwaka huohuo, mahakama ya kijeshi iliyohamia Baraka kwa msaada wa wafadhili ilimhukumu kamanda wao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Haikupita hata miezi miwili, katika nchi ambako jalada la ofisa wa cheo hicho lingeweza kulala kabatini hadi mashahidi wakafariki. Ili jambo hilo liwezekane, mahakimu, waendesha mashtaka, makarani na mawakili wa pande zote walipaswa kusafirishwa katika barabara unazozijua, wapate malazi na posho, na mashahidi walindwe. Huko ndiko fedha zinakokwenda, na mimi sioni kwamba zilipotea.

Tatizo linaanzia hapo zinapokoma. Mahakama ya Baraka iliamuru pia waathirika walipwe fidia ya hadi dola 10,000 kila mmoja, na katika kesi za namna hii mzigo wa kulipa huwaangukia waliohukumiwa na, mara nyingi, Serikali yenyewe. Askari wa kawaida hana mali ya kukamatwa, na Serikali hailipi. Mwathirika anayetaka kukazia hukumu, yaani kuilazimisha itekelezwe, hukutana na ada inayohesabiwa kwa asilimia ya fidia aliyopewa, yaani mwanamke aliyebakwa na jeshi la nchi yake anatakiwa kwanza atoe fedha ndipo adai fedha. Sheria inamruhusu asiye na uwezo kuomba msamaha wa ada hiyo, lakini hilo nalo lina safari zake, barua zake na wakili wake, na kwa kawaida wakati huo mradi uliomlipa wakili umeshafungwa.

Wafadhili hujibu kwamba deni ni la Serikali, na kwamba wakililipa wao watakuwa wamemwondolea mkosaji wajibu wake. Hoja hiyo ina uzito, ila haiwazuii kugharimia mawakili wa kufuatilia malipo, wala si kweli kwamba fedha za nje haziwezi kumfikia mwathirika. Machi 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai iliamuru waathirika 297 wa shambulio la Bogoro, Ituri, kila mmoja apewe dola 250, pamoja na misaada ya pamoja. Mkosaji, kiongozi wa wanamgambo Germain Katanga, hakuwa na kitu, ndipo Uholanzi ikauchangia Mfuko wa Waathirika wa mahakama hiyo ili malipo hayo yafanyike. Dola 250 ni kidogo mno, nakubali, lakini zilitolewa.

Huenda umesikia pia kuhusu dola milioni 325 ambazo Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo mwaka 2022. Hizo ni kwa ajili ya madhara yaliyosababishwa na Uganda, hasa Ituri na Kisangani, kwa hiyo kesi ya mama yako haimo. Linaloweza kumhusu ni FONAREV, mfuko wa taifa wa fidia uliotokana na sheria ya Desemba 2022, ambao unategemea sehemu ya mrabaha wa madini na umepewa kazi ya kuwatambua waathirika wa ukatili wa kingono wa wakati wa vita.

Basi mama yako afanye hivi. Kwanza atafute nakala ya hukumu yenye muhuri, na athibitishe kwamba hakuna rufaa inayoendelea. Pili, kupitia chama cha mawakili cha mkoa au shirika lililomsaidia wakati wa kesi, aombe msamaha wa ada na aulize utaratibu wa kuandikishwa FONAREV, akikumbuka kwamba kuandikishwa hakumnyimi haki ya kuidai Serikali kwa hukumu aliyonayo. Hili la nakala lisicheleweshwe. Mwanzoni mwa 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma na kisha Bukavu, wafungwa walitoroka kwa wingi katika magereza ya miji hiyo, na majalada ya mahakama hayako salama kuliko magereza. Akiipata, atoe nakala kadhaa na moja aitume kwako Kigoma.