Mjusi wa bluu wa Kimboza: jibu kwa aliyeuliza kama picha ni ya kweli

Mkuu, picha uliyoweka ni ya kweli, haijatiwa rangi. Umeuliza kama mjusi wa bluu namna hiyo yupo Tanzania, kama ana sumu, na kama unaweza kumpata wa kufuga. Mimi nimekulia upande wa Matombo, Morogoro, na msitu wa Kimboza tulikuwa tukiukatiza kwa miguu, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona.

Yupo, na porini hapatikani kwingine duniani ila huku kwetu, chini ya milima ya Uluguru: Kimboza, msitu wa Ruvu ulio jirani, na vipande vichache vya msitu karibu na hapo. Kimboza yenyewe ina kama hekta 400 tu. Wataalamu humwita Lygodactylus williamsi, jina alilopewa na Loveridge, mtaalamu wa wanyama watambaao, mwaka 1952. Sumu hana. Ni ndugu wa mjusi kafiri unayemwona ukutani usiku, ila huyu ni wa mchana, mboni yake ni ya duara, na kuanzia pua hadi ncha ya mkia ni sentimita 5 hadi 8. Hata ncha ya mkia ina vikanyagio vya kunatia kama vya vidoleni, kwa hiyo akining'inia kwenye jani linaloteleza ana kama mguu wa tano.

Utotoni tuliamini wako wa aina mbili, wa bluu na wa kijani, wanaoishi nyumba moja. Tulikuwa tunabishana kabisa. Kumbe wa bluu ni dume lililokomaa, mwenye koo jeusi na tumbo la rangi ya chungwa, na wale wa kijani au kahawia ni majike. Na hapo bado unaweza kukosea, maana dume dogo hubaki na rangi kama ya jike. Dume akishtuka, bluu yote inafifia, anakuwa wa kijivu mbele ya macho yako. Akimwona dume mwenzake, anavimbisha koo na kutikisa kichwa.

Sasa jambo kubwa, ambalo wengi hulipita: mjusi huyu ni wa mkadi. Sio wa mti wowote, ni mkadi, ule wenye majani marefu ya miiba yaliyojipanga kwa kuzunguka. Kwenye Kimboza unaota sana juu ya miamba ya chokaa. Kwa kawaida mkadi mmoja una dume moja, na jike mmoja au zaidi. Humo wanawinda wadudu, wanakunywa maji ya mvua yaliyotuama kwenye vikwapa vya majani, wanajificha humo humo. Mayai, mara nyingi mawili, jike huyagandisha mahali pa siri.

Ndiyo maana kilichotokea kiliniuma. Walikuja watu wakitafuta mijusi ya kupeleka nje, wakawapa vijana kazi. Mjusi akikimbilia juu kwenye shada la majani, humfikii kwa mkono. Basi panga. Mkadi unaanguka, jani moja moja linachambuliwa, mijusi inaingia kwenye mfuko, na mti unaachwa pale uoze. Niliwahi kuhesabu visiki saba kwenye mwamba mmoja, na mijusi iliyobaki haikuwa na pa kurudi. Watafiti walikadiria kuwa kundi moja tu la wakamataji liliondoa mijusi wasiopungua 32,310 kati ya Desemba 2004 na Julai 2009. Kundi moja, mkuu! Ongeza hapo moto wa msituni, na miti ya sidrela iliyoletwa kutoka Amerika ambayo imejiotea na kubana miti ya asili.

Kuhusu kufuga, wa porini usimguse. Mwaka 2016 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, ulimweka kwenye Kiambatisho cha Kwanza, yaani kuuza wa porini nje ya nchi kibiashara kumekatazwa, na mwaka huo huo serikali yetu ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Ulaya wapo wanaozalishwa vizimbani, lakini mtu akikuambia hapa Morogoro "nina wawili, nikuletee", jua kuna mkadi umekatwa.

Ukitaka kumwona, ulizia kibali ofisi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwanza, kisha nenda asubuhi jua likishapanda kidogo. Simama hatua nne tano kutoka kwenye mkadi wenye jua, usiuguse, utulie. Dakika kumi za mwanzo utaona majani tu. Halafu jike atatoka, na dume hatakuwa mbali.