Maswali ya Wasomaji: Vinundu Vyeupe Kwenye Mizizi ya Maharage

SWALI: Mhariri, nimepanda ekari moja ya maharage aina ya Lyamungu 90 huku Boma Ng'ombe. Mbegu nilizichanganya na unga mweusi wa bakteria, nikapandia mbolea ya DAP, na wiki ya tatu nikatupia mbolea ya urea kidogo. Sasa yanatoa maua. Nimeng'oa mashina kadhaa, vinundu ni vichache na ndani ni vyeupe. Aliyeniuzia unga huo anasema bakteria walikufa. Je, ni kweli? – Msomaji, Hai

JIBU: Inawezekana, lakini sisi tunaishuku urea kwanza. Mzizi wa mharage ukikosa naitrojeni hutoa kemikali zinazowaita bakteria wa jamii ya rhizobia. Nao hujibu kwa kemikali yao: kinyweleo cha mzizi hujikunja, bakteria hupenya ndani, na seli za mzizi huanza kugawanyika hadi kinundu kikatokea, na humo bakteria huutengenezea mmea naitrojeni. Mmea ukiikuta naitrojeni tele udongoni, hauna haja ya kuwalisha wageni kwa sukari yake, hivyo huzuia vinundu. DAP peke yake ina asilimia 18 ya naitrojeni. Urea ina 46. Na mharage, ukilinganisha na kunde au soya, si hodari sana wa kushirikiana na hawa bakteria.

Chimbua shina kwa jembe, usivute, maana vinundu huchomoka na kubaki ardhini. Pasua kumi kwa wembe. Vyekundu au vya waridi vinafanya kazi. Vyeupe bado vichanga au vimeshindwa. Vya kijani vimezeeka. Tena hakikisha ni vinundu kweli: kinundu hubanduka kwa ukucha, ila uvimbe wa minyoofundo (minyoo midogo inayoshambulia mizizi) ni mzizi wenyewe uliovimba, haubanduki.

Msimu ujao acha urea. Weka TSP, mbolea ya fosforasi isiyo na naitrojeni, kwani kutengeneza naitrojeni kunakula fosforasi nyingi. Minjingu, mbolea ya fosfeti ya mawe, nayo inafaa udongo ukiwa na tindikali, kwa sababu tindikali ndiyo inayoiyeyusha. Kwenye udongo wa magadi itakaa tu. Pima pH, yaani kiwango cha tindikali ya udongo: ikiwa chini ya 5.5, anza na chokaa ya kilimo.

Kuchanganya: kwa kilo 10 za mbegu, koroga vijiko viwili vya chakula vya sukari kwenye robo lita ya maji. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi usiku kucha. Lowesha mbegu ziwe na unyevu tu (usimwage yote kama hayahitajiki), kisha nyunyizia gramu 100 za unga, au kipimo cha kwenye pakiti kama ni tofauti. Geuza taratibu, ganda lisichubuke. Anika kivulini dakika chache, panda siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu na ufukie mara moja. Mbegu iliyokwishapakwa dawa ya ukungu ndiyo inayoharibu kazi mara nyingi, hasa dawa zenye shaba. Pakiti iliyokaa juani dukani, hata kama tarehe haijapita, iache.

SWALI: Nina kitalu cha nyanya Tengeru. Bakteria wa chupa, aina ya Bacillus, wanakuza mizizi kweli, au niongeze kipimo ili wafanye haraka? – Msomaji, Meru

JIBU: Wanaweza, lakini usiongeze. Baadhi yao hutoa oksini, homoni ileile ambayo mmea hutumia kuamua mizizi iote wapi. Kwa kiasi kidogo, mizizi ya pembeni na vinyweleo huongezeka na mche hunyonya maji na fosforasi vizuri zaidi. Ikizidi, mzizi mkuu hudumaa na kuwa mfupi, mnene. Wapo pia wanaopunguza ethilini, homoni ya msongo inayozuia mzizi kurefuka.

Nyanya haitoi vinundu, kwa hiyo usitegemee naitrojeni kutoka huko; mbolea iko palepale. Mwagilia bakteria hao jioni, udongo ukiwa na unyevu na mboji iliyoiva, na usimwage dawa ya shaba kitaluni wiki hiyo. Tenga trei moja bila bakteria, na siku ya kupandikiza osha mizizi ya miche mitano kila upande uilinganishe.