Asali, sukari ya kahawia na chai ya mamangu

Dada, umeuliza kama ukimwachisha mamako sukari nyeupe ukampa ya kahawia au asali, kipimo chake cha sukari ya damu kitashuka. Nakujibu kwa yaliyotupata sisi hapa Majengo, Mombasa, maana njia hiyo tumeipita.

Mamangu alipimwa asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni, ikatoka 6.4 (milimoli kwa lita ya damu). Kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0, kwa hiyo akaambiwa yuko mlangoni. Tukakimbilia sukari ya kahawia, na asali juu yake. Miezi mitatu baadaye, namba ile ile. Iliniuma sana. Kumbe ya kahawia ni sukari ile ile iliyobakiwa na molasi kidogo, ule uji mweusi wa miwa. Tumboni zote huvunjika zikawa sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi. Asali nayo ni nzito, kijiko chake kina sukari nyingi kuliko kijiko cha sukari yenyewe kilichosawazishwa. Sukari guru usiniulize, ni mle mle.

Kilichotuzindua ni pakiti. Tuko watu watano, na kilo ilikuwa haivuki siku ya nne. Piga hesabu: gramu 50 kwa kila kichwa kwa siku, bado soda na juisi ya ukwaju. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema mtu mzima asivuke kama 50, na akibaki kwenye 25 ni bora zaidi. Hiyo 25 ni vijiko sita tu vya chai.

Sisi tulikuwa tukimimina sukari kwenye sufuria, chai ikichemka nayo, hakuna ajuaye anakunywa kiasi gani. Nikaitoa jikoni nikaiweka mezani kwenye bakuli. Siku ya kwanza nilipima kijiko cha mamangu kwa mizani: kilikuwa na kilima juu, gramu 8. Kilichosawazishwa ni 4. Yeye akihesabu viwili, kumbe ni vinne. Basi tukawa tunapunguza nusu kijiko kila wiki, iliki na tangawizi tukazidisha, na ulimi ukazoea. Mahamri yakatoka manne yakawa mawili, mbaazi hatukugusa. Jioni nikawa natembea naye kule ufukweni, bustani ya Mama Ngina. Baada ya miezi sita ikasoma 5.7. Sitakuambia ni sukari peke yake iliyofanya hivyo.

Pagumu ni kwa wageni. Kwetu mgeni akiletewa chai isiyokolea hudhani amenyimwa, na mamangu aliona haya. Sasa bakuli huwekwa mbele ya mgeni, ajitilie mwenyewe. Na Ramadhani kaimati za shira ni mtihani. Tulikubaliana ale mbili, na kahawa tungu.

Jambo moja nakuomba ulishike. Kama mamako ameshaanzishiwa insulini, usiiondoe sukari nyumbani kabisa. Akianza kutetemeka na kutoka jasho jembamba, huenda sukari ya damu imeshuka mno; ikiwa ana fahamu na anaweza kumeza, mkorogee vijiko vitatu au vinne kwenye maji anywe haraka. Na dawa zake msizipunguze bila daktari kwa sababu tu mmeacha sukari.

Sisi kilo moja sasa inafika siku ya tisa.