Jibu: Mama anatumia metformin, nimpe B-complex?

Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Umeuliza kama mama yako, mwenye kisukari na anayemeza metformin (dawa ya kushusha sukari) miaka mingi, aanze B-complex (vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B) kila siku kwa sababu ya ganzi miguuni. Usikimbilie kununua. Metformin ikitumika muda mrefu inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta ganzi inayofanana kabisa na ile ya kisukari chenyewe. Kwa macho hazitofautiki, kwa hiyo mwombe daktari ampime B12 kwenye damu. Akikutwa na upungufu, atapewa sindano au vidonge vya B12 yenyewe.

Kinachonitia hofu ni vile vidonge vya "mishipa" watu wanavyojinunulia dukani. Baadhi vina B6 nyingi, na B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva (mishipa ya fahamu) zilezile unazotaka kuzitibu. Soma miligramu kwenye boksi! Mkojo kuwa njano kali baada ya kumeza ni B2 iliyozidi inatoka, msiogope.

Kwenye chakula, dagaa, maini, mayai na maziwa vina B12, mchicha hauna. Na metformin asiiache bila daktari.