Kila nikimpa ushahidi, mume wangu anazidi kushikilia

“Shangazi, mume wangu aliingiza akiba yetu kwenye mradi wa mtandaoni unaoahidi kuzidisha fedha mara mbili. Miezi imepita, hajapata kitu. Nikimwonyesha habari za waliotapeliwa anakuwa mkali, na wiki iliyopita kaongeza fedha nyingine! Ni msomi, si mjinga. Je, amelishwa kitu? – Mke Aliyechoka”

Mwanangu, hajalishwa kitu. Usomi nao haumkingi. Pengine ndio unaomponza, maana msomi hakosi hoja za kutetea alichokwisha kuamua.

Mwaka 1954, huko Marekani, kikundi kidogo kiliamini kwamba gharika kubwa ingekuja tarehe 21 Desemba, na wao wangeokolewa na viumbe wa sayari nyingine. Wapo walioacha kazi. Mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake walijipenyeza humo wakijifanya waumini (ujanja nisioupenda, ila ndio uliotufunza). Siku ikafika, gharika haikuja. Badala ya kutahayari, wale waliojitosa zaidi walianza kupigia magazeti simu, wakitangaza kwamba imani yao ndiyo iliyoinusuru dunia.

Mumeo yuko hapo hapo. Akikubali kwamba ni utapeli, atakuwa amekubali pia kwamba aliyezipeleka fedha ni yeye. Hilo ndilo linalomuuma kuliko hasara yenyewe. Akiongeza kidogo, anaisogeza mbele siku ya kukiri.

Nawe kila ukimletea ushahidi, unamfanya wakili wa mradi. Acha. Muulize bila kejeli: “Ukiona dalili gani utasema sasa basi?” Au: “Ukiomba kutoa sehemu ya fedha leo, watakupa?” Kisha nyamaza, hata kimya kikirefuka. Mwanasaikolojia William Miller, aliyeieleza njia ya namna hii mwaka 1983 katika kuwasaidia walevi, alishikilia kwamba hoja za kubadilika zitoke kinywani mwa mhusika mwenyewe.

Siku akianza kutilia shaka, usithubutu kusema “nilikwambia”. Mwambie matapeli wale wamebobea, wangemnasa yeyote.

Lakini fedha zilizobaki zisisubiri saikolojia. Tenga zilizo zako, na usitie saini mkopo wowote. Na akitokea mtu wa kuahidi kuwarudishia zilizopotea kwa “ada ndogo”, mfungieni mlango: mara nyingi huyo ni tapeli wa pili.